Salamu za Dirishani

Mzee Chediel Mughwai hutoka kazini wakati wenzake wanakwenda. Ni mlinzi wa usiku katika ghala la alizeti kule Utemini, na asubuhi hurudi kwa miguu hadi mtaa wa Ziwani, katikati ya mji wa Singida, koti begani na tochi mfukoni. Saa hiyo hana haja na chai wala redio. Anachotaka ni kulala.

Anaishi chumba cha mbele cha nyumba ya zamani yenye kuta nene, milango mizito ya mbao na bati lililoliwa na kutu kwa upepo wa chumvi. Dirisha lake linatazama Ziwa Singidani. Alihamia humo na mkewe, Sara, enzi ambazo chumba hicho hakikuwa na wa kukitaka. Watu walisema ziwa linanuka magadi na upepo wake unapasua midomo. Watoto wao wamekulia humo. Sara alipougua ugonjwa uliomwondoa, alitaka kitanda kisogezwe dirishani aone maji, na kitanda hicho hakijasogezwa tena.

Siku hizi mtaa una wenyewe wengine. Wauguzi, walimu wapya, vijana wa benki na wanafunzi wa vyuo wanaugombania. Wanasema nyumba zina historia, soko liko karibu, na jioni ukikaa kibarazani unaliona jua likizama nyuma ya majabali. Chumba kikiachwa asubuhi, jioni kina pazia jipya. Wageni wa wapangaji wakija hupigwa picha wakiwa wameegemea ule mlango wa mbele uliochongwa, ambao mzee Chediel anaupaka mafuta machafu ya gari kila mwaka ili mchwa wasiule.

Ungedhani shida yake ni muziki. Muziki ulikuwepo, ndiyo. Joshua, kijana anayetengeneza simu stendi, alikuwa na spika kubwa kama sanduku la nguo. Lakini mzee alipolalamika mara moja tu, spika ilifungiwa ndani na haikusikika tena mchana. Shida iliyobaki ilikuwa mbaya kuliko muziki, kwa sababu huwezi kumlalamikia mtu kwa kuwa na adabu.

Dirisha lile liko chini, usawa wa kifua, na kila atokaye au aingiaye hupita kibarazani mbele yake. Kulifunga haiwezekani. Bati likishapata jua, chumba kinakuwa tanuri. Vijana hao nao ni watoto wa Iramba, wa Ikungi, wa Manyoni, waliofundishwa tangu wadogo kwamba hupiti mbele ya mtu mzima ukiwa umefumba mdomo. Basi kila anayepita huinamisha kichwa dirishani.

"Shikamoo, babu!"

Na mzee Chediel, aliyekuwa ameanza tu kuzama, huitikia, "Marahaba." Maana naye amelelewa hivyohivyo. Shikamoo ya mtoto wa mwenzio huiachi ikaanguka chini.

Akifumba macho, anakuja mwingine.

"Shikamoo, babu. Umeamkaje?"

"Sijaamka."

"Ha! Babu naye kwa utani!"

Hali hiyo ingeweza kuendelea hivyo kama Antipasi, msimamizi wa ghala, asingemkuta alfajiri moja amekaa juu ya gunia, kidevu kifuani, tochi inawaka bure. Antipasi ni mdogo kwake kwa umri, na alizungumza naye taratibu.

"Mzee Chediel, mimi nakuheshimu sana. Ila nikikukuta tena umesinzia, heshima itabaki, kazi itaondoka."

Katika umri wake, ghala lingine la kumpa kazi halipo. Mzee alilijua hilo vizuri, na Jumapili iliyofuata, watu waliporudi kutoka ibadani, aliwaita wapangaji kibarazani. Mama Scola, mwenye nyumba, alileta kigoda akakaa pembeni kama mwamuzi.

"Wanangu," mzee alisema, "mimi mchana ndio usiku wangu. Naomba mkipita msinisalimie."

Walitazamana. Joshua akajikuna shingo.

"Babu, spika tulizima."

"Mlizima. Mungu awabariki. Sasa zimeni na salamu."

"Hapo sasa!" Joshua alisema. "Mama yangu kule Iguguno akisikia nampita mzee kimya kama mbuzi, atapanda basi aje anichape mbele ya wateja."

"Mwambie mimi ndiye niliyesema."

"Hataamini. Atasema hata uongo nimejifunza mjini."

Watu walicheka. Jenipher, muuguzi wa hospitalini anayeishi chumba cha nyuma, ambaye zamu zake hubadilika usiku na mchana, alijaribu kumsaidia. "Babu anasema kweli, jamani. Mtu wa zamu ya usiku akikosa usingizi anaugua. Tupunguze."

"Tupunguze vipi?" Joshua aliuliza. "Niseme 'shika' halafu 'moo' niimalizie jioni?"

Hata Mama Scola alicheka hadi akashika kigoda. Mzee Chediel hakucheka. Mwisho walikubaliana watapita kimya. Na kwa kuwa walikuwa wamemuudhi, ikawa ni lazima waombe radhi. Jumatatu asubuhi, mzee akiwa ndiyo kwanza amevua viatu, wakaanza kuja mmoja mmoja dirishani.

"Babu, shikamoo. Nimekuja kusema samahani kwa yale ya salamu."

Siku ya tatu makubaliano yalikuwa yamekufa. Salamu zilikuwa zinawatoka zenyewe wakiliona dirisha. Wengine walinong'ona, na mnong'ono ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mzee alilazimika kuinua kichwa kusikiliza ni nani.

Ndipo akaamua jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alijilaza chali, akavuta shuka hadi kidevuni, akajiambia kwamba hata aje nani, leo haitikii.

Wa kwanza kuja alikuwa Joshua.

"Shikamoo, babu."

Kimya.

"Babu? Shikamoo."

Mzee alikaza macho. Alisikia hatua za Joshua zikiondoka, akashukuru, na usingizi ukamchukua palepale, usingizi mzito wa siku nyingi. Hakujua kwamba Joshua alikuwa amekimbilia uani.

"Babu Chediel haitikii!"

"Amelala huyo," alisema Mama Scola, akichambua mlenda.

"Nimemsalimia mara mbili, mama! Shikamoo, mara mbili! Amenyooka chali, shuka hadi hapa!"

Mama Scola aliuacha ungo. Mzee wa Kinyaturu asiyeitikia shikamoo mara mbili, huyo hajalala. Alipofika dirishani na kumwona amenyooka vile, alishika kichwa na kupiga yowe lililofika sokoni. Mtu wa kutazama ndani kwa utulivu akakosekana. Vijana waliusukuma mlango wa chumba kwa mabega, ukatoka na fremu yake, na mzee Chediel akaamka akiwa amebebwa hewani, mmoja kwapani, mmoja miguuni, kuelekea kwenye bajaji.

"Mnanipeleka wapi?"

Walimwangusha.

Habari za kufa zina miguu. Kabla ya adhuhuri zilikuwa zimefika Utemini, na Antipasi akaja na uso wa majonzi, tayari kwa msiba. Alimkuta marehemu amekaa kitandani akikandwa kiuno kwa maji ya moto, chumba kimejaa watu, mlango umeegemezwa ukutani. Kila aliyeingia alianza na shikamoo, akaendelea na pole, na mzee aliitikia zote, macho mekundu kama pilipili.

Antipasi alisimama kizingitini muda mrefu akitazama.

"Kumbe hivi ndivyo unavyolala," alisema.

"Hivi ndivyo."

"Basi hapa hulali, mzee wangu. Leo pumzika, nitaweka mtu. Lakini utafute pa kulala, au na mimi nitafute mlinzi mwingine. Sina njia ya tatu."

Alipoondoka, watu walitawanyika kwa aibu. Mzee aliendelea kukaa akitazama nje. Ziwa lilikuwa limetulia, ndege weupe wamejipanga ukingoni. Aliliangalia mpaka kivuli cha kibaraza kikasogea. Kisha alimwita Jenipher.

Chumba cha Jenipher kilikuwa cha mwisho kabisa, nyuma ya stoo, hakina dirisha ila tundu la kupitisha hewa juu ya ukuta. Kimejengwa kwa mawe matupu na juu kina dari ya zege, kwa hiyo mchana kina baridi kama mtungi. Tangu ahamie alikuwa akimsihi Mama Scola kwamba chumba chochote cha mbele kikitoka, amkumbuke.

"Hamia kwangu," mzee alimwambia. "Nami nihamie kwako."

Jenipher alidhani ni utani. "Babu, dirisha la ziwa liko huku kwako."

"Ninalijua lilipo."

"Na marehemu bibi Sara..."

"Chukua chumba, mwanangu, kabla sijabadili mawazo."

Jenipher alipiga goti kumshukuru. Joshua na wenzake, kwa majuto, walirudisha mlango, wakabeba kila kitu, hata kitanda. Kwenye sakafu palibaki alama nne za miguu ya kitanda, chini ya dirisha.

Kule nyuma mzee Chediel analala. Hapiti mtu, haingii jua, na Antipasi hajamkuta tena amesinzia. Akiamka hajui kama ni mchana au jioni mpaka afungue mlango, na akifungua anaona ukuta wa stoo.

Juzi asubuhi alikuwa anarudi kutoka kazini. Jenipher naye alikuwa ametoka zamu ya usiku, yuko ndani amelala. Mzee alipokaribia kibaraza alimwona mpangaji mpya, mwalimu, anatoka mbio na begi lake. Msichana huyo alipolifikia dirisha alifanya kama alivyoona wenzake bado wakifanya kwa mazoea. Aliinamisha kichwa bila hata kutazama ndani.

"Shikamoo, babu!"

Ndani kitanda kililia. Kisha sauti ya Jenipher ikatoka nyuma ya pazia, nzito kwa usingizi na imechoka kabisa:

"Marahaba."

Mwalimu akaenda zake. Mzee Chediel alisimama pale alipokuwa, akalitazama ziwa kupitia upenyo kati ya nyumba mbili. Halafu akazunguka kwa nyuma, akinyata, akaingia chumbani kwake kulala.