Mvua Chache Unamwachia Nani?

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa siku hizi inanijia kama ndoto. Nilikuwa mke mpya pale kijijini Lusu, na mimba yangu ya kwanza tumboni. Miti ya miombo ilikuwa imeshachipua majani mekundu, na kila jioni radi zilinguruma mbali, upande wa Tabora, bila tone kutufikia. Nilikuwa nalala nikisikia mvua. Nikiamka, kumbe ni upepo unapita kwenye mabua makavu.

Ndipo redio ikasoma mwelekeo wa Desemba: kanda yetu ya magharibi, mvua chini ya wastani. Mume wangu akaizima.

"Tumekwisha," akasema. "Twende Urambo tukalime tumbaku ya watu. Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, sisi Urambo itatushinda?"

Niliogopa njaa, mwanangu. Nikaichukua mbegu yote ya mahindi iliyoning'inia juu ya moshi wa jiko, nikaipukuchua, nikaimimina kwenye kinu iwe unga wa safari. Mama mkwe akanikuta nimeinua mchi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia, na kwetu kunyimwa marahaba si jambo dogo.

"Redio imesema mvua haipo?"

"Imesema ni chache, mama."

"Sasa hiyo chache unamwachia nani?"

Akaninyang'anya mchi, akanipa jembe. Sisi hulima kwa matuta, na mvua ikinyesha maji hukimbia katikati ya tuta na tuta mpaka bondeni. Mama akatuamuru tuizibe mifereji ile kwa vikingo vya udongo, kila baada ya hatua chache, maji yakose pa kukimbilia. Kazi ile, we acha tu! Mume wangu alinuna waziwazi, mimi nikanung'unika kimoyomoyo, mama akawa anaimba. Kisha tukapanda.

Mvua ikaja mchana mmoja, fupi, ikaenda zake. Nikatoka kwenda shambani kukiwa kimya kabisa. Maji yalikuwa yametulia kati ya matuta kama chai kwenye visahani, na mawingu yakitembea ndani yake polepole. Nililia kwa furaha, na mtoto akacheza tumboni saa ile ile. Mahindi hayakuwa mengi mwaka ule. Lakini tulikula, na mtoto yule alizaliwa kwao, si kwenye kibanda cha shamba la mtu.

Siku hizi utabiri unawafikia kwenye simu kabla hata ya mawingu. Usikilize, mwanangu, wanaoutoa hawabahatishi. Ila wao husema juu ya kanda nzima na mwezi mzima. Shamba lako hawalijui, wala mkono wako. Ukiambiwa kinachokuja ni kidogo, iwe mvua au riziki, usikimbie, na mbegu usiitwange. Kidogo si haba, lakini kwa aliyekizuia kisipite.

Mungu akujalie mvua ya kutosha. Na ikiwa chache, ikukute shambani.