Makaburi Arobaini na Moja ya Ozella Mayfield

Katika ramani ya wilaya, ekari mbili zilizo nyuma ya Kanisa la Mlima Pisga ziliandikwa "ardhi tupu." Ozella Mayfield, Mmarekani Mweusi aliyefua mashuka ya hospitali ya mji wao wa Georgia kwa miaka thelathini na mmoja, alimzika baba yake hapo mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka tisa. Sasa, miaka arobaini na mitano baadaye, wilaya ilitaka kumwaga lami ili magari ya mahakamani yapate maegesho.

"Ozella, hakuna jiwe la kaburi hata moja pale," alisema Crenshaw, mpima ardhi wa wilaya, kijana wa Kizungu aliyekuwa rika la wanawe.

"Bibi Mayfield," alimsahihisha. "Mawe mliuziana ninyi. Sisi tuliweka sahani."

Kila marehemu alivunjiwa kaburini sahani aliyolia chakula chake cha mwisho, mauti yasirudi kuwafuata waliobaki nyumbani. Ozella alikwenda kuvitafuta vigae hivyo, akapiga magoti na kupapasa majanini, asipate hata kimoja. Akaenda moja kwa moja kwa Shemasi Royal Tisdale wa kanisa hilo.

"Shemasi, nani amezoa vigae?"

"Vijana wetu, dada. Wilaya ilituandikia barua tusafishe takataka kabla ya ukaguzi. Tukaona aibu wageni wakute uchafu."

"Mkawafutia ushahidi kwa mikono yenu, tena bure! Mimi angalau nililipwa kufua uchafu wao."

Shemasi aliinamisha kichwa. Lakini hasira ya Ozella ilikwisha kumpita, ikawaendea walioandika barua. Ardhi tupu haiombewi usafi. Walijua kilichokuwapo, wakawatumia watoto wa wafu kukiondoa.

Barua, hata hivyo, haikutaja mimea. Upande wa magharibi wa kila kaburi, kichwani, wazee walipanda yuka, mmea wenye majani makali kama mkonge. Ozella alichana shuka kuukuu, akafunga kitambaa cheupe kwenye kila shina. Vitambaa vilitimia arobaini na kimoja, vimenyooka safu kwa safu. Yuka ya porini haijipangi hivyo.

Jumatatu Crenshaw alikuja na ufito wa chuma wa kupimia udongo. Nje ya safu, ufito uligoma baada ya shubiri moja. Mashariki ya kitambaa cha kwanza, ulizama hadi kwenye mpini, kama katika udongo uliowahi kuchimbwa. Akajaribu penginepo mara tatu, kisha akavua kofia.

"Lami haitamwagwa hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaandika makaburi arobaini na moja ya watu wasiojulikana."

"Wasiojulikana na nani?" Ozella alisimama mbele yake. "Andika: Lucius Mayfield, mkata magogo. Huyu wa pili, Pearlie Tisdale, mkunga. Aliwazalisha hata bibi zenu."

"Bibi Mayfield, fomu ina mstari mmoja tu."

"Geuza karatasi, andika nyuma."

Akangoja mpaka jina la baba yake lilipokamilika kwenye karatasi, ndipo akasogea.