Kengele Iliyomgeuza Babu

Ijumaa Kuu ya mwaka niliokuwa darasa la pili, babu yetu alilala ubavu mmoja tangu alfajiri hadi jioni, huku wajukuu wake wawili wenye afya njema tumekaa kando ya kitanda chake. Hatukuwa tumesinzia, wala hatukuwa tumemsahau. Tulikuwa tunasubiri kengele.

Nimemkumbuka babu wiki hii kwa sababu dada yangu Rozina, anayemtunza mama yetu kule Makambako, Jumatatu anafanyiwa upasuaji wa ngiri. Mama alilazwa na kiharusi miaka minne iliyopita na hawezi kujigeuza. Daktari amemkataza Rozina kunyanyua kitu kizito kwa wiki sita, na mama si mwepesi. Kwa hiyo ukoo mzima, watu wasomi wenye simu nzuri, tunatafuta mtu mmoja wa kumgeuza mama kitandani.

Wenzangu mliokulia Njombe wakati wa sweta za kufuma na viatu vya kupokezana mtaikumbuka nyumba yetu bila kuiona. Ilikuwa karibu na misheni ya Uwemba. Asubuhi za Juni nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi, miguu ikiwaka moto njiani kwenda shule. Jikoni kulinukia moshi, viazi vilivyofukiwa kwenye majivu, na mafyulisi yaliyoiva kupita kiasi ndani ya kikapu. Kitanda cha babu kilikuwa humo humo jikoni, karibu na moto, na chini ya nyonga zake mama alitandika ngozi ya kondoo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia. Mdomo ulipinda kidogo, matusi yakabaki yamenyooka.

Saa ya ukutani hatukuwa nayo, hivyo mama aliweka utaratibu: babu ageuzwe kila kengele. Misheni ilipiga asubuhi, adhuhuri na jioni. Katikati ya hizo, shule iligonga rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Usiku mama alimgeuza mwenyewe bila kengele yoyote, na hakuna aliyemuuliza aliamkaje.

Kengele ikilia, mtu yeyote aliyekuwa akipita njiani aliingia. Mwenye kuni alitua mzigo mlangoni, akasalimu, "Kamwene, mzee," akashika ncha za shuka iliyokunjwa chini ya babu, mama akashika upande wa pili, wakamvuta na kumlaza ubavu mwingine. "Taratibu!" babu alifoka. "Mikono yako imezoea mbuzi." Mgeni alicheka, akajitwika kuni zake, akaenda. Jambo hilo halikuwa na mradi, semina wala fulana zenye maandishi mgongoni.

Sisi watoto tulifundishwa kupapasa visigino vyake kuona kama vina joto, na kumkausha vizuri baada ya kumwosha. Tukikosea, mama hakutubembeleza: "Mbona unamvuta mkono kama unang'oa kisiki? Shika shuka!" Na Jumatano ilikuwa siku ya mama. Wanawake wawili wa jumuiya ya kanisa letu walikuja na nyuzi zao za kufuma, wakakaa na babu hadi jioni, wakimchokoza naye akiwachokoza. Mama alikwenda shambani, au kwa rafiki yake, au alikaa tu nyuma ya nyumba akiota jua. Leo kitu kama hicho kingepewa jina refu na wataalamu wawili wa kukisimamia.

Sasa nirudi kwenye Ijumaa ile. Baba alikuwa Lupembe, kwenye lori la kukusanya majani ya chai. Mama alikuwa amelazwa hospitali kujifungua. Alituachia agizo: "Kengele ikilia, mgeuzeni babu. Msimchezee ovyo ovyo." Wakatoliki wenzangu mmeshajua tunakoelekea. Tangu Alhamisi Kuu jioni kengele za kanisa hunyamaza hadi mkesha wa Pasaka. Shule ilikuwa imefungwa. Majirani wote walikuwa kwenye Njia ya Msalaba.

"Nigeuzeni," babu alisema.

"Bado, babu," akajibu Rozina, ambaye alikuwa na miaka kumi na utii wa kutisha. "Kengele haijalia."

"Kengele ya nani? Mgongo ni wangu!"

"Mama amesema."

Babu alitutukana sisi, akamtukana padri, akamtukana fundi aliyetengeneza kengele. Tukamsikiliza kwa heshima zote. Jioni jirani alipotoka kanisani na kuja kumgeuza, nyonga ya babu ilikuwa imeshachunika.

Mama alirudi Jumapili na kichanga mgongoni. Alifunua shuka, akatazama kidonda, kisha akatutazama sisi. "Aliyekufa Ijumaa ni Yesu," alisema. "Babu yenu alikuwa hai, na alikuwa anaongea."

Kidonda kilipona viazi vikiwa vinavunwa. Utaratibu ulibadilishwa Jumapili ile ile: babu akisema ageuzwe, anageuzwa.

Siku hizi, namshukuru Mungu, tumeendelea. Mama ana grupu la WhatsApp linaloitwa Tumpende Mama. Kaka yetu Silvanus, aliyeko Dodoma, alituma video ya mashine ya Japani inayonyanyua wazee, akaandika: "Wenzetu wamefika mbali." Mpwa wetu mmoja, kijana ambaye simu yake humkumbusha kunywa maji, alikuja Jumapili moja, akapiga picha na bibi yake, akaiweka hewani na maneno "malkia wangu". Rozina alipomwomba ashike ncha ya shuka, alisema mgongo unamsumbua. Nadhani ni kwa sababu ya kukaa.

Anayeshika shuka ni Mama Zuhura, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Tanga, jirani tu, tena si wa kanisa letu. Nilikuwepo siku alipomaliza kumgeuza mama, akajifunga upya khanga na kuuliza:

"Rozina mwanangu, wenzio wako wapi?"

"Wako kwenye grupu, mama."

"Hilo grupu liko mtaa gani?"

Nilijikuta natazama kikombe changu cha chai. Wiki hii Mama Zuhura anasafiri kwenda Tunduma kufuata mzigo, na hatuwezi kumlaumu. Yeye hakuzaliwa na mama yetu.

Utotoni hatukuwa na dawa za maana, shuka zilikuwa mbili, na ujinga wetu ulimchuna mzee nyonga. Lakini mlango ulikuwa unafunguliwa na mtu. Sasa kila mmoja wetu anajua kiharusi ni nini, na anaweza kukueleza kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu.

Ijumaa asubuhi Rozina aliandika: "Jumatatu saa mbili naingia hospitali. Nani anakuja kukaa na mama? Aandike jina tu." Wote tumesoma. Silvanus ameweka mikono ya kusali. Mpwa ameweka moyo mwekundu. Mimi niko Njombe mjini, saa moja kwa basi kutoka Makambako, na Jumatatu nina kikao.

Leo ni Jumapili, saa tisa alasiri. Hakuna jina lililoandikwa. Hata langu.