Njia ya Ng'ambo ya Korongo

Jumanne iliyopita nilipeleka suruali kwa fundi wangu wa cherehani hapa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, mvua ikiwa inanyesha ile ya kutokujua ilianza lini. Fundi huyo ni mama ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na mkono wake ni mwepesi kuliko ulimi wake, jambo ambalo si dogo. Siku hiyo alipokea suruali bila neno, akapima pindo, akaliweka chini ya sindano, kisha akasema bila kuinua macho, "Umesikia? Mwenzetu wa Lufingo ametutoka." Nikauliza yupi. "Yupi tena, kaka? Yule wa majani. Kifua. Wiki mbili tu." Akakanyaga cherehani ikapiga kelele mpaka mwisho wa pindo, na mimi nikabaki nimesimama mlangoni nikitazama maji yakipita barabarani, nikijua kwamba kuna jambo nililopaswa kumwomba marehemu anisamehe na sikuwahi kumwomba.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sikai mahali pamoja. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimesomeshwa na watu wenye kazi zao: wachoma mkaa, manesi, mafundi saa, wapiga chapa. Huku Rungwe mara ya kwanza nilifika juu ya lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu, nikakusudia kukaa juma moja. Kilichonishika ni kiwanja cha gofu. Najua wapo watakaocheka, gofu na migomba wapi na wapi, lakini kipo, mashimo tisa katikati ya chai, kilichoachwa na wenye mashamba wa zamani na kikaendelea kutunzwa na wazee waliowahi kuwafanyia kazi. Nilikwenda kuuliza kwa nini mchezo wa watu wachache unahitaji ardhi kubwa vile. Aliyenijibu alikuwa mwanamke aliyeinama na fyekeo, na alinijibu kwa swali: "Umekuja kucheza au kuzuia njia?"

Alikuwa mkata majani wa kiwanja. Kabla ya hapo alichuma chai, mgongo ukakataa kikapu, wakampa majani. Katika kukata akaokota mipira iliyopotea, katika kuokota akaanza kuipiga, na mwishowe wazee wakawaruhusu wanawake kucheza alasiri za siku za kazi. Wakawa kama kumi na wawili: yeye, fundi wangu, nesi mmoja, mwalimu, na wengine, wake wa wakulima kutoka Lufingo na Ikuti. Tatizo lao lilikuwa shimo la nne. Hapo kuna korongo lenye kijito, na tii, yaani kile kibaraza cha nyasi ambapo mtu hupigia mpira wa kwanza, iko upande wa huku. Mwanaume mwenye mabega anavusha mpira, unatua ng'ambo penye tambarare. Kwa heshima, akina mama waliwekewa tii yao hatua tano mbele ya ile ya wanaume. Hatua tano! Mpira wao mzuri kabisa, uliopigwa kama inavyotakiwa, uliishia korongoni. Basi waliuokota, wakauvusha kwa mkono, na wazee waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu walikuwa na utani wao wa kila siku: "Mbebe mgongoni, mama, asije akalowa!"

Yeye hakuwajibu. Alifanya jambo ambalo sijaona mtu mwenye vyeti akilifanya. Kwa msimu mzima, kila alipokata majani asubuhi, alichomeka vijiti mahali mipira ya jana ilipokuwa imeangukia: vijiti vyenye kitambaa chekundu kwa wanawake, vitupu kwa wanaume. Siku moja alinishika mkono wa shati akanipeleka ukingoni. Vijiti vyekundu vilikuwa vimejaa korongoni kama shamba la pilipili. Vitupu vilikuwa vimekusanyika ng'ambo, mahali pamoja. "Watu wanadhani tunaomba kurahisishiwa," aliniambia. "Mimi nataka mpira wangu wa pili niupigie pale wanapoupigia wao. Wa kwanza kila mtu apige kwa nguvu aliyopewa. Ukinitanguliza hatua tano halafu ukaniachia korongo lote, umenipa nini?" Nimesikiliza hotuba nyingi kuhusu haki za wanawake, nyingine nikiwa nimelipiwa chakula ili nikae. Hakuna iliyonieleza haki kwa vijiti.

Tii aliyoitaka ilikuwa ng'ambo ya korongo, na alikuwa ameshachagua mahali. Lakini kila alipoieleza alianza na kitu kingine, njia, na hapa lazima nieleze kidogo kwa wasiozijua desturi za huku. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto wa kiume hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, na wakikaribiana njiani ni yeye anayeacha njia. Wengi wameilegeza, mjini wapo wanaokula meza moja na wakwe zao wakitazama taarifa ya habari. Katika nyumba aliyoolewa yeye ilikuwa bado imeshikwa, na baba mkwe wake, mnyapara mstaafu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kiwanja na mkaaji mkuu wa lile benchi. Nilimwona kwa macho yangu akiacha mpira wake kwenye nyasi na kujitosa ndani ya chai, akachuchumaa mpaka mzee apite. Mzee naye aligeuza uso, kama inavyopasa. Fundi wangu, ambaye kwao desturi hiyo haipo, alikuwa akimtania: "Wewe unacheza gofu au kombolela?" Naye akacheka, akapangusa matope magotini. Lakini hakuwa peke yake katika kujificha. Karibu nusu ya wale wanawake walikuwa na mkwe au ndugu wa mkwe miongoni mwa wale wazee.

Kwa hiyo alikuwa ametafuta njia. Kutoka shimo la tatu, nyuma ya mianzi, inashuka ndani ya chai, inavuka kijito penye mawe mawili, inapanda moja kwa moja hadi mahali pa tii yake. Mtu angepita hapo bila kuliona benchi na bila benchi kumwona. Alikuwa ameikanyaga mara kadhaa, alama ikabaki kwenye nyasi. "Njia kwanza," alisema. "Tii ni udongo tu, leo utapandishwa, kesho utapandishwa. Bila njia utaisikia kwa jina."

Kikao cha kamati hakuweza kuingia, kwa sababu mwenyekiti ni yule yule. Akaniomba mimi nimsemee. Aliniandikia karatasi kwa mwandiko wa mtu anayeandika mara moja kwa mwaka, mambo manne, na la mwisho lilikuwa njia. Nadhani aliliweka mwisho kwa maana ile ile ambayo mtu huweka salamu za mama mwishoni mwa barua, ili zisisahaulike. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kugombea ubunge. Kikaoni nilieleza vijiti, nikaeleza mpira wa pili, nikawachekesha. Mzee mmoja akasema, "Korongo halina jinsia, bwana mwandishi, linameza mpira wowote." Nikamjibu, "Basi, mzee, Jumamosi hii wewe pigia kwa fimbo ya mke wako tuone linavyokumeza." Wakaangua kicheko, hata mwenyekiti akatabasamu, akagonga meza: "Tii ikajengwe ng'ambo. Imepita." Watu wakaanza kuvuta viti. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na jambo la nne lilikuwa linanitazama. Nikaikunja. Nilijiambia nimeshashinda, nisije nikawachosha wakabadili mawazo. Na nilijiambia jambo baya zaidi, kwamba habari ya kuwakwepa wakwe inakwisha yenyewe, kwamba maendeleo hayawezi kujengewa njia ya kuchuchumaa. Mimi, mgeni wa lori la ndizi, niliamua hivyo kwa niaba ya wanawake kumi na wawili katika muda wa kuvuta kiti.

Nilipompelekea habari alishangilia, kisha akauliza, "Na njia?" Nikasema njia tutaiomba baadaye. Aliitikia "haya" kwa sauti ambayo siku ile sikuisikia na sasa naisikia kila siku. Tii ilijengwa, na aliyebeba udongo na kupanda nyasi ni yeye, asubuhi asubuhi kabla wazee hawajafika. Siku ya kufungua walipiga makofi, yeye hakuwapo. Ile ya nyuma ya mianzi haikukatwa, kwa hiyo kufika kule kulikuwa kwa njia ya zamani tu, kupita mbele ya benchi na kuvuka daraja jembamba ambapo watu wawili lazima wapishane bega kwa bega. Fundi na nesi walicheza mara chache. Halafu wazee wakaigundua ile tii. Mgongo unauma, goti limechoka, mtu anavuka daraja na kupigia ng'ambo, mpira unatua pazuri kuliko alivyowahi kuupiga tangu ujana wake. Kabla ya masika kwisha hata benchi lilikuwa limehamishiwa kule. Tii ya akina mama ikawa mahali pekee pa kiwanja ambapo mama huyu alikuwa na hakika ya kumkuta baba mkwe wake kila alasiri. Wenzake wakaacha mmoja mmoja. Nesi alihamishwa. Mwalimu alisema watoto wanamsumbua. Yeye aliendelea kuikata ile tii majani yake asubuhi, vizuri, kwa usawa, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Nilimwuliza mara moja kwa nini asipeleke ombi tena kwa kamati. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakula ndizi za kuchoma. "Niliwasemesha kwa mdomo wako," alisema. "Nikaombe mdomo mwingine?" Hakusema kwa hasira. Nikabadili mazungumzo, nikamwuliza bei ya maparachichi. Juma lile lile nikapanda gari kwenda Mbeya, na kutoka Mbeya nikaendelea, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu, na ni tabia inayofaa sana mtu asiyetaka kuonana na kosa lake.

Tangu hapo nimeyaona mambo ya namna hiyo kila mahali, labda kwa sababu ninayatafuta. Kuna kijiji nilichokaa ambako bomba la maji liliwekwa mbele ya kilabu cha pombe, na mabinti wakarudia maji ya mtoni. Walioweka bomba wakaandika kwamba wenyeji hawathamini maji safi. Kuna soko lenye meza nzuri za saruji ambazo akina mama hawazitumii, wanakaa chini mlangoni kwenye jua, na bwana soko anawaita wakaidi, wala hajawahi kuuliza mama mwenye mtoto mchanga anamlaza wapi juu ya saruji. Kitu kinatolewa, kinapigiwa picha, kisha kinakaa bila watu, na lawama inawaendea wale wale walioombewa. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walimfikiria mjumbe anayefikisha ujumbe wote.

Sasa nimerudi Tukuyu, na kwa habari ile ya fundi nilikwenda msibani Lufingo. Walimzika kando ya migomba ya nyumbani kwake, matope yakitushika viatu, mchungaji akisoma chini ya mwavuli. Baba mkwe alisimama karibu kabisa na kaburi, karibu kuliko alivyowahi kumkaribia akiwa hai. Baadaye, wanaume tulipokaa upande wetu, nilisogea kumpa pole. "Ndaga," alinijibu, yaani asante, akanishika mkono bila kuuachia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anauliza jambo la aibu: "Wewe ulikuwa unatembea nao. Alikuwa anapiga vizuri?"

"Vizuri sana, mzee."

"Pale kwenye tii yao mpya. Mpira wake ulikuwa unafika wapi?"

Nikamwambia hakuwahi kupiga hata mmoja kutoka pale. Akanitazama kama hakunielewa. Basi nikamwambia yote, habari ya njia nyuma ya mianzi, mawe mawili, jambo la nne la karatasi, na namna nilivyoikunja. Waliokuwa karibu nasi walikuwa wanaongea habari za mbolea.

"Mimi nilidhani hataki," alisema. "Nilisema, tumewajengea na hawaji. Na sikuwa na namna ya kumwuliza." Akaachia mkono wangu. "Njia ile ni kazi ya siku mbili, mwanangu. Ungesema tu. Ningeshika fyekeo mwenyewe."

Nikamwuliza kama itakatwa sasa. Hakukasirika. Alilitazama lile swali kwa haki, kama mnyapara anayehesabu watu wa kazi, akawafikiria mmoja mmoja wale wanawake, aliyehama, aliyeacha, aliyezikwa, kisha akatikisa kichwa. "Apite nani?"

Nilichotoka nacho Lufingo ni kidogo, na kwa marehemu hakina faida yoyote: ukitumwa kumsemea mtu, soma karatasi yake mpaka mstari wa mwisho, hata kama wenye kikao wameshaanza kuvuta viti.