Sketi Sita Zilizopindwa kwa Haraka

Shangazi hakuwahi kupinda sketi ya duara siku aliyoikata. Aliitundika dirishani siku nzima, na mteja akinung'unika alimjibu, "Kitambaa kina uzito wake. Acha kishuke kwanza."

Binti wa kaka yake, aliyejifunza cherehani kwake, aliona desturi hiyo ni ushamba tu. Sasa Shangazi alikuwa hospitalini wiki ya tatu, na wacheza dansi ya zamani, wateja pekee waliobaki, walitaka sketi sita pana kama miavuli kwa mashindano ya Jumamosi. Binti alikata Alhamisi, akapinda Alhamisi hiyo hiyo. Ijumaa asubuhi mapindo yote yalikuwa yameshuka, huku marefu, huku mafupi. Kitambaa kilikuwa kimekwisha.

Alikimbilia hospitalini na sketi moja ndani ya mfuko wa plastiki. Shangazi, ambaye hata kikombe kilimshinda kushika, alipapasa pindo polepole.

"Hukuitundika."

"Nilikuwa na haraka, Shangazi. Nimekuharibia jina."

"Haraka yenyewe umeiona baraka yake?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Binti akamshika mgongo, akahisi mifupa mitupu, akaangua kilio.

Hakujua kwamba hatamsikia tena baada ya siku hiyo.

"Usililie kitambaa, utakitia madoa," Shangazi alisema. "Wavalishe hao wachezaji, wasimame juu ya meza, ulinganishe pote na pale palipo pafupi, ukate, upinde upya. Nenda, mwanangu. Watu hawaendi kutazama dansi na futi mkononi."