Risasi za Bunduki Tano

Asubuhi ile nilikuwa sokoni Bunia, nimetandaza nyavu zangu za samaki, nikibishana na mteja aliyedai kwamba kamba zimeoza. Ilikuwa mwisho wa miaka ya sabini, nchi yetu ingali inaitwa Zaire. Mimi na mume wangu Paluku tulikuwa tumehama kutoka Butembo na kupanga nyumba mtaa wa Bigo. Watu waliniita Mama Masika, kwa jina la binti yetu. Hakuna aliyejua, ila Paluku, kwamba baba yangu alikuwa mwindaji, na kwamba kwa kukosa mtoto wa kiume alinifundisha mimi kuyeyusha madini ya risasi.

Saa sita akaja Muzee Kisembo, mfugaji wa mlima ulio nyuma ya mtaa wa Saio, aliyekuwa akituuzia maziwa. Siku hiyo hakuwa na maziwa. Watu wenye silaha, waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka, walikuwa wamechoma nyumba mbili kule kwao na kuondoka na ng'ombe. Walisema watarudi.

"Tuko na bunduki tano za kushindilia," alimwambia Paluku, aliyekuwa kando yangu. "Baruti iko. Risasi hakuna. Tunatia vipande vya misumari."

"Misumari itapasua mututu," nikasema. "Itaua weye kwanza, mbele ya adui. Leta bunduki, nitatengeneza risasi."

Hakunitazama. "Baba Masika, mwanamuke akigusa bunduki, inapoteza shabaha."

"Muzee," Paluku akajibu, "mimi ninajua kuuza nyavu tu. Kama unataka risasi, sema na yeye."

Kesho yake alizileta, amezifunga ndani ya mikeka. Bunduki hizo hupakiwa kwa mdomo, na hazifanani; kila moja ina upana wake. Nilikandamiza nta ya moto katika kila mdomo nikapata kipimo, nikachonga kijipira cha mti kilicho kidogo kuliko mdomo, maana risasi huvikwa kitambaa kabla ya kuingia. Nikakibana katikati ya vipande viwili vya udongo, nikakitoa, nikakausha hizo kalibu zote tano za kumiminia kando ya makaa mchana kutwa. Madini tuliyapata kwenye vizito, vile vinavyozamisha nyavu zangu. Ndiyo ilikuwa biashara yetu yote. Paluku alikaa karibu yangu akivikata kimoja kimoja.

Kalibu ikibaki na tone la maji, madini yaliyoyeyuka huruka. Yaliruka mara moja. Kovu liko hapa chini ya jicho la kushoto.

Kila bunduki niliipa risasi sita. Nilikata vimkia vilivyoachwa na tundu la kumiminia, nikazisugua juu ya jiwe, nikazijaribu kwenye mdomo wa bunduki moja baada ya nyingine. Muzee Kisembo alichukua moja ya kwake akaizungusha kati ya vidole.

"Hii ni kazi ya fundi," alisema, na kwa mara ya kwanza alinitazama.

Siku ya tatu wale wenye silaha walirudi. Jua lilikuwa bado juu, ng'ombe wako bondeni.

Mimi na Paluku tulikuwa tumepanda kule mlimani na risasi, tukakaa nyuma ya ukuta wa kanisa, na kibuyu cha baruti.

Bunduki tano zililia pamoja. Moshi ukafunika bonde.

Wao walikuwa na bunduki za kisasa. Wakajibu.

Zetu zikalia tena. Nilihesabu. Nne.

Kisha Paluku akapiga kelele: "Wanakimbia!"

Hakuna nyumba iliyoungua, hakuna ng'ombe aliyekwenda. Mmoja wao alilala kwenye majani karibu na kijito, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Nilikwenda kumwona. Mguu mmoja haukuwa na kiatu. Nilimfunika kwa kitenge changu. Sikujuta, na sijajuta hadi leo, lakini mguu ule ninauona bado.

Muzee Kisembo tulimkuta nyuma ya kichuguu, amepigwa kifuani, bunduki juu ya mapaja.

"Pengine risasi ilikwama," mtu mmoja akasema. Wote wakanigeukia.

Niliipokea bunduki. Nikapima kwa fimbo ya kushindilia: ndani kulikuwa na baruti tu. Mke wake, Mama Birungi, alimkunjua vidole taratibu. Risasi ya pili ilikuwa kiganjani. Akanipa. Nikaivika kitambaa, nikaisukuma. Ikashuka polepole mpaka chini.

"Imeingia?"

"Imeingia, mama."

Alifumba macho. "Basi haikuwa weye. Alikosa muda."

Watu wale hawakurudi tena. Watoto wa mlima ule walikua, wakaoa, wakajenga. Najua nilichowapa. Najua pia kwamba Mama Birungi alilima peke yake miaka yote iliyobaki, na hesabu hiyo sijaweza kuisawazisha.

Siku ya mazishi, kabla ya kumshusha Muzee kaburini, Mama Birungi alichukua bunduki ya mumewe, ingali na ile risasi, akapita mbele ya wanaume wote akaniwekea mikononi.

"Piga weye," alisema.

Nikaielekeza juu, nikafyatua. Moshi ulipotawanyika, wanaume walikuwa wamevua kofia. Kama ni kwa ajili ya Muzee au yangu, sikuuliza.