Lijitu la Kijapani na lori la marehemu mwanangu Maganga

Wakuu, heshima zenu. Wadogo, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Marahaba.

Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwangu hapa Tabora, msimu huu huu wa tumbaku. Sijaongeza chumvi. Wa kuamini aamini, asiyetaka apite, uzi ni mpana.

Kwanza mnijue. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza na baiskeli, nikibeba asali kutoka Sikonge kuja mjini, enzi hizo barabara ni mchanga unameza tairi. Leo nina nyumba ya tofali, mashine ya kusaga na lori. Sikurithi hata kijiko.

Kwa hiyo atakayekuja hapa kuniambia "mzee mzima unaangalia katuni" ajue anaongea na nani.

Ndiyo, niliangalia katuni. Yote, mpaka mwisho.

Iko hivi.

Mwanangu wa kwanza, Maganga, ndiye aliyekuwa dereva wa lori letu. Mdogo wake, Kabula, alikuwa utingo wake. Ndiyo, binti. Watu walisema sana, nikawaacha waseme. Gari likisimama kwenye mwinuko, Kabula ndiye aliyeruka chini kuweka mawe nyuma ya tairi. Kamba za marobota ya tumbaku alikaza yeye. Usukani alifundishwa na kaka yake huko huko porini, na leseni ya kuendesha lori anayo.

Siku moja Kabula alibaki nyumbani na homa. Maganga akaenda peke yake kupakia tumbaku vijiji vya ndani vya Sikonge.

Tairi likapasuka. Akapiga jeki, akaingia chini.

Jeki ikateleza.

Hapo sitaandika zaidi.

Tukazika. Lori likaletwa na dereva wa kuazima, likaegeshwa uani, likafunikwa turubai. Nyuma limeandikwa MPAGAZI, herufi alizichora marehemu mwenyewe kwa rangi nyekundu. Toka siku ile hakuna aliyeligusa. Kuku wakaanza kutaga chini yake.

Mdogo wangu Mihayo, anayenifuata kwa kuzaliwa, akasema mbele ya watu: "Kaka, gari lililoua mtu wa nyumba halilali uani. Lina mkosi hilo. Tafuta mnunuzi wa mbali, huko Mpanda, asiyejua habari zake."

Kabula akasema lisiuzwe, ataendesha yeye.

Mihayo akacheka. "Wewe? Ukiolewa utaondoka nalo kama kitanda?"

"Baba mdogo, kitanda hakina gia," Kabula akamjibu. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Mimi nikasema jibu nitatoa siku ya kumaliza msiba. Kwetu siku hiyo ukoo unakaa, vitu vya marehemu vinatolewa hadharani, kila kitu kinapata mtu wake.

Wakuu, nilijifanya mtu mwenye jibu. Sikuwa nalo. Nikiuza lori, binti yangu hatanisamehe, namjua. Nikimpa, napeleka mtoto wa pili chini ya gari lile lile. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu, ishikeni mnaposoma.

Sasa katuni inaingiaje?

Marehemu alikuwa na flashi. Wakifika ghalani wakasubiri zamu ya kupakua, alikuwa anaangalia mchezo wa Kijapani wa maroboti makubwa. Hakufika mwisho. Alasiri moja Kabula akachomeka ile flashi kwenye TV ya sebuleni, akaniambia, "Baba, kaka hii hakuimaliza. Nataka nimmalizie."

Nilikuwa nimekaa, sina pa kwenda, nikabaki.

Jina la katuni siwezi kulitamka, na wajuvi msinisahihishe. Nasimulia nilichokiona.

Mwanzoni nilikereka. Kuna lijitu la chuma, refu kama mnara wa simu, linatembea juu ya miji kupigana na majitu mengine yanayotoka ardhini. Kifuani mwake kuna kiti. Kwenye kiti kuna kijana hata ndevu hazijaota vizuri, ndiye anayeliendesha. Wakubwa wote wako chini kwenye jumba, wamevaa makoti meupe, wanampigia kelele kwenye redio.

Nikamwambia Kabula, "Hawa Wajapani wazee wao wako wapi?"

"Ndio hao wenye makoti, Baba."

"Hao si wazee. Hao ni makarani."

Halafu kulikuwa na DJ anatafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti zao. Mji unaungua, watu wanakimbia na watoto mgongoni, yeye anasema mwamba leo kala za uso. Nikasema huyu angekuja msibani kwangu na mdomo ule ningemtoa na fimbo.

Kilichonikalisha sawa ni mafundi.

Lile lijitu kumbe linavuja. Lina grisi, lina nati zinazolegea. Kila linapotaka kutoka, kuna mama mmoja fundi analizunguka mguu hadi mguu, anagonga na spana, anasikiliza. Kisha anaweka kiganja chake kwenye chuma, kidogo tu, ndipo anaondoka.

Maganga alikuwa anafanya hivyo hivyo. Kila asubuhi, kiganja kwenye boneti. Sikujua kama kuna mtu mwingine duniani anafanya hivyo, na sasa nimemwona kwenye katuni.

Basi nikawa nakaa kila alasiri. Mama Maganga akipita na sinia la mchele anauliza, "Mnaangalia nini nyie?" Tunamwambia magari. Anakaa kwenye mkeka anachambua mchele wake, haangalii, lakini haondoki.

Yule kijana nilimwita Dereva. Nilimpenda. Alikuwa anapiga mluzi akipanda.

Akafa.

Kabula akasimamisha picha. Akaniambia marehemu aliishia kipande kimoja kabla ya hapo. Maana yake Maganga hakujua kwamba Dereva anakufa. Mama Maganga akaacha kuchambua mchele.

Sasa wakuu sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kimenifanya niandike uzi huu kwa kidole kimoja.

Kuanzia kipande kilichofuata DJ hakutafsiri tena. Yakabaki maandishi ya Kiingereza, na Kiingereza changu mimi ni "stop" na "reverse". Ikawa Kabula anasoma, ananiambia.

Dereva kafa leo, kesho yake asubuhi, narudia, kesho yake asubuhi, wale wa makoti meupe wakamwita binti mmoja aliyekuwa anafua nguo za mafundi. Wakamwambia ingia, kaa, endesha. Kiti ni kile kile. Glavu za Dereva bado zinaning'inia pale pale. Hakuna aliyekaa chini. Hakuna aliyepika hata chungu kimoja cha ugali wa msiba. Hakuna aliyelitaja jina lake.

Binti akakaa. Akavuta, akasukuma, akalia. Lijitu halikuinua mguu.

Makoti meupe yakaanza kutafuta hitilafu. Waya huu, waya ule.

Nikapiga kelele, "Hitilafu gani! Hawajamaliza msiba!"

Kabula akaacha kutafsiri. Picha zinaendelea. Kisha akasema bila kunitazama, "Na sisi je, Baba? Wao wamekalisha mtu haraka. Sisi tumefunika turubai."

"Ningekuwepo ningeweka mawe," akasema.

"Kabula, jeki ni jeki."

"Na mawe ni mawe, Baba."

Mama yake akainuka na sinia lake, akaenda jikoni. Tulimsikia anapenga kamasi kule.

Niwatoe pembeni kidogo.

Sisi Wanyamwezi ni watu wa mizigo. Babu wa babu yangu alibeba kutoka hapa kwenda pwani na kurudi kwa miguu, na kijana ambaye hajaenda hakupata mke wa maana. Watu siku hizi wanaisema hadithi ile kama aibu. Mimi siioni aibu. Nimebeba asali kwa baiskeli, mwanangu amebeba tumbaku kwa lori, ni kazi ile ile.

Babu alinisimulia kwamba mpagazi akifa njiani, wenzake walikuwa hawaachi mzigo wake. Waliupokezana mpaka kambi inayofuata. Pale kiongozi wa msafara aliuweka chini katikati ya watu, akalitaja jina la marehemu kwa sauti, akauliza nani anauinua. Hakumnyooshea mtu kidole. Aliyelazimishwa, babu alisema, alikuwa anatoroka nao. Wakingoja, mtu alikuwa anatokea.

Hiyo hadithi niliisikia nikiwa mdogo, nikaiona ya kawaida tu. Nimeikumbuka mbele ya TV.

Sasa turudi. Kwenye ile katuni, binti alishuka kwenye kiti, akakaa chini ya nyayo za lile lijitu. Akagoma. Yule mama fundi akaja akakaa naye, wakaja na wengine. Wakaanza kusimulia habari za Dereva, alivyokuwa akipiga mluzi, alivyokuwa hapendi kitunguu. Kipande kizima hakuna vita, ni watu wamekaa wanasimulia. Nadhani vijana wengi mlikiruka hicho. Mimi ndicho nilichoomba kirudiwe.

Mwisho wake binti akainuka mwenyewe, akasema nipandisheni. Lijitu likainua mguu.

Na kule mwisho kabisa halikupigana. Daraja kubwa lilikuwa linavunjika, mji mzima unakimbia juu yake. Lile lijitu likatupa silaha, likaingia mtoni, likapiga goti, likatia bega chini ya daraja. Likabeba mpaka mtu wa mwisho akavuka. Lenyewe halikuinuka tena.

Nilitazama lilivyoweka shingo. Nilitazama lilivyopanua miguu. Aliyechora pale amewahi kubeba mzigo, au baba yake alibeba.

"Kaka angeipenda hii," Kabula akasema.

Nikamwambia, "Angesema watu wa mizani barabarani wangelikamata, limezidisha uzito."

Akacheka. Mara ya kwanza toka tuzike. Kisha akalia, nikamwacha alie.

Siku ya kumaliza msiba ukoo ukaja, wengine kutoka Isikizya, wengine Sikonge. Mchungaji akaomba. Vitu vikatolewa kwenye ungo: mashati, viatu, redio, kofia yake. Vikapata watu. Mihayo alikuwa amekuja na mnunuzi wake, amemkalisha nje kwenye benchi anakunywa chai.

Nikatoa ufunguo wa lori mfukoni, nikauweka kwenye ungo peke yake.

Nikasimama. Nikasema, "Maganga. Mzigo wake huu hapa, uko chini. Nani anauinua?"

Watu wakautazama ungo.

Mihayo akasema, "Kaka, mambo gani haya tena? Wewe ndiye baba, sema."

Sikusema. Wakuu, kunyamaza pale kulikuwa kazi kuliko baiskeli na ndoo zote za asali. Nusu yangu ilikuwa inaomba binti yangu asiinuke. Nusu nyingine ilikuwa inaomba ainuke. Nikatazama ukuta.

Kabula hakukimbilia. Alikaa muda, mpaka nikadhani amebadili mawazo. Kisha akaja, akapiga magoti, akauchukua kwa mikono miwili. Shangazi yake akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akajifunika kanga usoni.

Mihayo hakukubali kushindwa. "Haya, dereva tumempata. Na utingo? Mwanaume gani wa hapa Tabora atakubali kumwekea binti mawe?"

Watu wakatazamana.

Nikasema, "Mimi."

Wakacheka wakidhani mzee anatania. Mihayo alicheka zaidi ya wote. Kisha akanitazama usoni, akaacha. Akatoka nje kwenda kumwambia mgeni wake amalize chai aende.

Turubai tuliliondoa mchana ule ule. Kuku tukawahamisha. Ile jeki Kabula aliikatisha vipande kwa fundi wa kuchomelea, na sasa haingii mtu chini ya gari letu bila kulitegemeza kwa magogo kwanza.

Kabla hajawasha alilizunguka tairi hadi tairi. Akaweka kiganja kwenye boneti.

Safari ya kwanza ilikuwa Sikonge, njia ya ndani, ile ile. Tukafika mwinuko mmoja wa kifusi, tukakuta mkokoteni umekwama mbele. Gari likasimama na marobota juu. Nikashuka. Goti langu moja ni bovu, nilishuka hivyo hivyo. Nikaokota jiwe, nikaweka tairi la kushoto. Nikaokota la pili, nikaweka la kulia. Nikayapiga teke kuhakikisha.

Wenye baiskeli walipita wakaniambia, "Shikamoo mzee, umeajiriwa?" Nikawaambia marahaba, ndiyo.

Njia ilipofunguka nikatoa mawe, nikapiga bodi mara mbili kwa kiganja, pale pale chini ya neno MPAGAZI. Kabula akaondoa gari polepole. Hakulirudisha nyuma hata kidogo.

Nilichojifunza nakisema wazi. Kiti cha marehemu usimkalishe mtu kwa amri kabla machozi hayajakauka, na usikifunike turubai miaka. Kiweke katikati ya watu, litaje jina lake, uliza. Halafu nyamaza, hata kama kunyamaza kunakuua.

Na nyie mnaosema katuni ni za watoto, mimi nimeona mule makarani, mafundi na wapagazi. Watoto ndio walikuwa wachache.

Semeni na nyie. Kama kwenu kuna kitu cha marehemu kimefunikwa mpaka leo, mlikifanyaje? Na kama kuna aliyeimaliza ile katuni akaelewa kwa nini lile lijitu halikuinuka tena kule mtoni, aniambie, maana mimi na Kabula bado tunabishana. Kejeli ruksa, nimezeeka, haziniumi.

Nitajibu tukirudi. Dereva ameshapiga honi, ananisubiri mimi.